Prado au Discovery: mjadala wa gari la familia ya Bumbire

Familia ya ziwani inapopata fedha za kutosha kununua gari kubwa, ubishi ni uleule. Mmoja anataka Toyota Land Cruiser Prado, mwingine anataka Land Rover Discovery, na kila upande una sababu zake. Kwa watu wa Bumbire ubishi huu una uzito wa pekee. Kisiwa chao, kilichomo Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, kimezungukwa na Ziwa Victoria, kwa hiyo shangingi litakalonunuliwa litalala bara, Kemondo au Bukoba mjini, likimsubiri mwenyewe ashuke botini. Kazi zake zinajulikana mapema: kumpeleka mama mzazi kliniki, kupanda Kamachumu kwenye harusi na misiba, kwenda Muleba mjini kufuatilia mambo ya halmashauri, na mara moja moja kufunga safari ya Mwanza hadi Bugando kwa madaktari bingwa.

Nimeupanga ubishi huo hapa kwa sauti nne. Mjomba ni mwenye mitumbwi, aliyejijenga kwa sangara na mabondo. Fedha ni zake. Mpwa, binti wa dada yake, anaishi Bukoba na ndiye atakayekaa na gari. Fundi ana gereji mjini. Bibi ni mama yake Mjomba, na ndiye atakayepakiwa mara nyingi kuliko wote. Wahusika ni wa kutunga, ila magari na hoja ni vya kweli. Hukumu nitaitoa mwenyewe mwishoni, kwa sababu jambo linalomeza akiba ya miaka mingi ya ukoo mzima halifai kuachwa hewani.

Magari yanayoshindanishwa ni ya mtumba: Prado 150, iliyoingia sokoni mwaka 2009, na Discovery 4, iliyotoka mwaka huohuo.

MPWA: Shikamoo, Mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa umeshaanza kunichagulia gari.

MPWA: Sijakuchagulia, Mjomba. Nimesema tu kwamba ningependa Prado. Fedha ni zako, lakini funguo utaniachia mimi.

MJOMBA: Basi nisikilize kwanza. Sisi tuliokulia huku tulilijua gari kwa jina la Landrover. Padri alikuja na Landrover, bwana shamba alikuja na Landrover. Mwaka 1978 Idi Amin alipovamia na daraja la Kyaka likavunjwa, wanajeshi wetu walipita na Landrover kwenye matope haya haya. Gari hilo lilizaliwa Uingereza mwaka 1948, na Discovery ni mtoto wake tangu 1989. Nenda Arusha uone: Oktoba 2024 walifanya tamasha la Landrover, yakakusanyika magari mamia kwa mamia. Watu hawalipendi gari kiasi hicho bila sababu.

MPWA: Mapenzi hayo nayaheshimu, Mjomba. Ila Landrover ya padri ilikuwa na springi za chuma na kabureta. Ikiharibika Muhutwe, dereva aliifungua chini ya mti kwa spana na waya, akaendelea na safari. Discovery 4 ina jina lilelile, lakini ndani ni kompyuta, sensa na mifuko ya hewa mahali pa springi. Ile ya padri ilikoma kutengenezwa Januari 2016. Unayotaka kununua leo haikusaidii kitu kwa sifa za ile.

MJOMBA: Sawa, tuiache historia. Tuangalie gari lenyewe. Discovery 4 ya dizeli, injini ya lita 3.0, ina nguvu za farasi 245 na msukumo wa Newton-meta 600. Prado nyingi zinazopita hapa mjini ni TX za petroli, lita 2.7, farasi 163. Zipakie watu saba na mikungu ya ndizi, kisha zipandishe Kamachumu. Hapo ndipo utajua lipi ni gari.

MPWA: Hapo umenishika, na sitabisha. Prado ya petroli ya lita 2.7 inapanda mlima kwa kulia. Tena Wajapani wenyewe, kuanzia 2009 hadi 2015, Prado hii kwao waliiuza ya petroli peke yake, ndiyo maana mitumba mingi kutoka Japani ni ya aina hiyo. Lakini mwaka 2015 wakarudisha dizeli, injini ya lita 2.8 yenye farasi 177 na Newton-meta 450. Haiifikii Discovery, ila mlima wa Kamachumu hauitaki zaidi ya hapo.

MJOMBA: Na viti je? Kiti cha nyuma kabisa cha Prado ni cha watoto. Mtu mzima akikaa pale magoti yanagusa kidevu. Discovery ina viti saba vya watu wazima. Mimi sisafiri peke yangu, unanijua. Nikishuka Kemondo nina shemeji, nina binamu, nina jirani anayewahi benki.

MPWA: Hilo nalo ni kweli.

MJOMBA: Naona unakubali kila ninalosema.

MPWA: Nakubali lililo kweli. Sasa tumwite fundi, maana mimi na wewe hatutalala chini ya gari.

FUNDI: Tajiri, karibu. Discovery ikiwa nzima, hakuna gari tamu kama hilo. Rafu rodi unaiona kama lami. Ubaya wake ni pale linapoanza kuumwa. Chukua ile mifuko ya hewa. Ni ya mpira, na mpira huchoka. Unaliacha gari jioni limesimama sawa, asubuhi unalikuta limeinama kona moja. Ukiwasha, kampresa inafanya kazi kupita kiasi kujaza hewa inayovuja, nayo inaungua. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, gari linashuka chini, na kwa hali hiyo huwezi kulipeleka kwenye mawe. Kubadilisha mfuko si kazi ngumu. Kazi ni kuupata. Bukoba sina. Nitaagiza Dar es Salaam au Nairobi, au nipige simu Arusha. Nikikosea aina, tunaanza upya.

MJOMBA: Hiyo ni mifuko tu.

FUNDI: Ngoja nimalize. Injini za dizeli za V6 za magari hayo, lita 2.7 ya Discovery 3 na lita 3.0 ya Discovery 4, zina ugonjwa unaojulikana duniani kote: kuna zinazokata krenki. Si zote, wala si nyingi kiasi cha kusema kila moja itakata. Lakini ikikata, injini imekwisha. Hakuna kuikarabati kwa pesa ndogo. Na turbo zake zimejificha. Mafundi wengi, ili wazifikie vizuri, hunyanyua bodi yote kutoka kwenye chesisi. Kwa kazi hiyo unahitaji lifti na mashine ya kompyuta inayoongea lugha ya gari hilo. Gereji yenye vitu hivyo vyote ipo mbali na hapa, Tajiri. Hapa mimi nina jeki na mti.

MJOMBA: Prado haiumwi?

FUNDI: Inaumwa, tena nimeshaziona nyingi ndiyo maana nazijua. Zile za dizeli ya lita 3.0 zina nozeli zinazochoka, na mkanda wa taiming ambao unabadilishwa kila kilomita 150,000. Ukiupuuza mkanda huo hadi ukatike, injini inakufa siku hiyohiyo. Ya lita 2.8 inatumia cheni, lakini ina chujio la moshi linaloziba kama kazi ya gari ni kwenda sokoni na kurudi. Inataka safari ndefu, injini ipate moto. Na spea feki za Toyota zimejaa kila duka. Ukinunua kwa kufuata bei ya chini, utarudi kwangu baada ya muda mfupi. Tofauti ni hii: Prado ikiharibika nitakuambia kitu gani na lini utapata gari lako. Discovery ikiharibika nitakuambia tusubiri.

MJOMBA: Fundi, wewe unatetea unachokijua. Ndiyo kazi yako. Lakini mimi ni mfanyabiashara, naangalia bei. Discovery 4 ya mtumba inaporomoka bei haraka, inapatikana kwa fedha kidogo kuliko Prado. Nikinunua Discovery, kwa chenji inayobaki nanunua mashine nyingine mbili za Yamaha za mitumbwi.

MPWA: Bei ya Uingereza siyo bei ya Bukoba. Katikati yake kuna bandari ya Dar es Salaam. Chukua mfano wa gari ambalo TRA imeliwekea thamani ya shilingi milioni 30, pamoja na usafiri na bima. Na kumbuka TRA hutumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake, risiti yako haiwafungi mikono. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni milioni 7.5. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi sisi 2,000, milioni 3.75 nyingine. Kama gari limepita miaka 10, kuna asilimia 30 ya umri: milioni 11.25. Juu ya vyote hivyo weka VAT ya asilimia 18, milioni 9.45. Jumla ni karibu milioni 32, na tozo ndogondogo sijaziweka. Umenunua gari moja, umelipia mawili.

MJOMBA: Prado haitozwi?

MPWA: Inatozwa hivyohivyo. Ila Discovery 4 ilifikia mwisho wake mwaka 2016, ikaja namba 5, kwa hiyo ya mtumba utakayoipata ni mzee wa umri huo. Prado 150 iliendelea kutengenezwa hadi 2023. Unaweza kupata ambayo haijafika miaka 8, ukakwepa kodi ya umri kabisa. Itakuwa ghali kuinunua, sikufichi. Lakini utakapoiuza, utaiuza kwa siku mbili. Discovery utaiuza kwa mtu anayeipenda kama wewe, na huyo huenda anaishi Arusha.

MJOMBA: Bado chenji ni chenji. Mashine mbili za Yamaha si mchezo.

MPWA: Sasa umezitaja mwenyewe, Mjomba, naomba nikuulize. Kwa nini mitumbwi yako yote inafungwa Yamaha? Ziwani kuna mashine nyingine, zipo za bei nafuu.

MJOMBA: Swali gani hilo? Mtoto aliyezaliwa Bumbire anajua jibu. Mashine ikizima usiku ziwani, upepo ukiwa mkali, hutaki mashine yenye sifa. Unataka mashine ambayo kijana wako anaifungua gizani, na plagi ipo kwenye mfuko wake, na mkifika mwalo wowote, uwe wa Bumbire, Goziba au Kerebe, yupo fundi anayeijua na propela ipo dukani.

MPWA: Basi Mjomba, hoja yangu yote umeisema wewe.

MJOMBA: Hapana, usinifunge kwa maneno yangu. Mashine ya mtumbwi ni ya kazi. Ikizima usiku, kuna watu ndani na maji chini yao. Gari likizima Kyamyorwa, watu wanashuka wanakaa kivulini. Na gari lina jambo jingine, mwanangu: ni heshima. Mtu ametoka kisiwani, miaka yote watu wa bara wanamwona wa kunuka dagaa. Siku akishuka na gari lake mbele ya kanisa, anataka lionekane. Usidharau hilo.

MPWA: Silidharau, waitu. Nililala njaa shuleni nikisubiri fedha zako zivuke ziwa, najua zimetoka wapi. Nataka heshima hiyo idumu zaidi ya mwaka mmoja. Lakini aliyebaki kusema ni Bibi, maana mgongo ni wake.

BIBI: Mnanigombania kama nimekufa. Haya, niambieni, gari lipi lina mlango wa chini?

MJOMBA: Discovery, Mama. Ile mifuko ya hewa anayoilaumu Fundi, unabonyeza kitufe, gari linashuka sentimita 5 ukae vizuri, kisha linanyanyuka lenyewe. Prado utaipanda kama ngazi.

BIBI: Ni kweli, mjukuu wangu?

MPWA: Ni kweli, Bibi. Prado ina kibao cha kukanyagia pembeni na mshikio, lakini kigoda tutakibeba.

BIBI: Basi mwanangu amesema vizuri, gari linaloinama kumpakia mzee ni gari lenye adabu. Lakini siku ya kliniki Rubya, daktari hanisubiri. Nimeamka alfajiri, nimevuka maji nikiwa na baridi, nimefika Kemondo. Naambiwa gari lipo gereji linasubiri kitu kutoka Nairobi. Lililolala gereji halina mlango mrefu wala mfupi. Kigoda nitakanyaga. Nimekanyaga ubavu wa mtumbwi miaka yote hii, sembuse kigoda.

FUNDI: Tajiri, hapo mimi sina la kuongeza.

MJOMBA: Na safari ya Mwanza? Kutoka huku ni kilomita 400 na ushee. Siku hizi tunapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lile la karibu kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Hakuna tena kulala foleni ya pantoni. Kwenye lami hiyo ndefu Discovery ni kitanda. Prado inayumba kwenye kona, mgonjwa anatapika.

MPWA: Kwenye lami unashinda, Mjomba. Ukiniambia gari litaishi Mwanza na litakwenda Dar es Salaam tu, nitanyamaza. Lakini lami ya Mwanza ni safari chache kwa mwaka. Njia ya kila wiki ni ile ya kutoka barabara kuu kwenda kwa watu: Kamachumu, Nshamba, Rubya, vijiji vya pembezoni mwa ziwa, mvua ikinyesha kama Bukoba inavyojua kunyesha. Huko gari linapigwa chini kila siku.

Mjadala wa sauti naukomesha hapa, na sasa natoa hukumu.

Kwa familia ya Bumbire ambayo gari lake litaishi kati ya Kemondo, Bukoba na Muleba, nunueni Prado. Nasema hivyo nikijua kwamba kama magari haya mawili yangewekwa mapya uwanjani, Mjomba angeshinda karibu kila kipengele. Discovery ina nguvu zaidi, ina nafasi zaidi, inabembeleza mgongo wa mzee, na mwenye kulipenda hakupotea njia. Lakini hakuna anayenunua jipya hapa. Tunanunua gari lililotumika miaka mingi katika nchi nyingine, tunalileta safari ya zaidi ya kilomita 1,300 kutoka bandarini, kisha tunaliweka mahali ambapo fundi aliyebobea kwa gari hilo hayupo. Katika hali hiyo, swali la kwanza ni nani atalitibu na dawa itatoka wapi. Jibu la swali hilo watu wa ziwani wanalo tangu zamani. Wanalitumia kila wanapofunga mashine kwenye mtumbwi. Ni busara yao wenyewe, na sioni kwa nini waiache mwaloni wanapopanda bara.

Hoja ya heshima naichukulia kwa uzito uleule aliouchukulia Mjomba. Wavuvi wa visiwa vya Muleba wamelisha viwanda vya samaki vya Mwanza na meza za Ulaya kwa miaka mingi, na mara nyingi wametazamwa kama watu wa pembeni. Mtu wa namna hiyo ana haki ya gari zuri, na asiambiwe na yeyote kwamba anajikweza. Nakataa pia ule ushauri wa harakaharaka kwamba mwenye mitumbwi anunue kigari kidogo na fedha nyingine azike kwenye biashara. Amefanya kazi, anajua anachotaka. Ninachomwomba ni kwamba heshima hiyo aihesabu kwa siku gari litakazotembea. Prado iliyofika msibani Kamachumu kila mara ilipohitajika itamjengea jina kuliko Discovery iliyoonekana kanisani Krismasi moja na kuadimika Pasaka.

Hata hivyo, Prado nayo isinunuliwe kwa upofu. Fedha zikitosha, tafuta dizeli ya lita 2.8, na kila mwezi itoe safari moja ndefu ya barabara kuu ili chujio la moshi lijisafishe. Zisipotosha, chukua petroli ya lita 2.7, ni mvivu mlimani, lakini injini yake ni rahisi na haina turbo wala chujio hilo. Ukikutana na dizeli ya lita 3.0, dai ushahidi wa lini mkanda wa taiming ulibadilishwa. Ukikosekana, weka gharama ya kuubadilisha ndani ya bei. Lala chini uangalie chesisi, iwe Prado au Discovery. Japani ya kaskazini kuna theluji, Uingereza barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na magari ya huko huja yameng'aa juu huku kutu ikila chini. Washa injini ikiwa ya baridi, uisikilize kabla muuzaji hajaanza kuipasha moto. Na usimalize fedha zote kwenye ununuzi. Gari la tabaka hili linahitaji akiba yake, ya tairi, shokapu na bushi, maana njia za Muleba zitavidai vyote hivyo.

Discovery naiachia nafasi moja ya haki. Kama familia ina gari jingine la kazi, na kama kuna ndugu anayeishi Arusha, Nairobi au Dar es Salaam karibu na gereji inayoijua, basi Mjomba aitimize ndoto yake, ilale huko, na aifurahie akienda. Hapo matatizo aliyoyataja Fundi yatakuwa gharama inayopangika, badala ya kumwacha mgonjwa amekaa kwenye gati.

Kwa anayetaka kuamua wiki hii, kuna kipimo kisicho na ushabiki. Kabla ya kutuma hata shilingi kwa muuzaji wa nje, piga simu kwa maduka matatu ya spea ya Bukoba. Taja gari unalolitaka, mwaka wake na injini yake, kisha uliza vitu vitatu: shokapu za mbele, pampu ya maji na nozeli moja. Uliza kama vipo leo. Kama havipo, uliza vitafika baada ya siku ngapi. Andika majibu kwenye karatasi kwa magari yote mawili, uyaweke mbele ya Mjomba, Mpwa na Bibi, na familia ipige kura ikiyatazama.